Baba aliuliza: huo umeme wao haupinduki?

Wa Korogwe, wa Tanga mjini, wa Dar, na wewe shangazi wa Muheza unayesomewa na wajukuu, nawasalimu nyote toka huku Essen, Ujerumani. Sisi wazima. Baridi imeanza kubisha hodi, lakini tumeshaizoea.

Leo nataka kulipa deni, na deni lenyewe ni la Baba. Mnisamehe mapema, maelezo ni marefu kidogo. Chukueni chai.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, yule anayesoma ufundi wa umeme, alikwenda Korogwe likizo. Jioni umeme ukakatika, watu wakakaa nje barazani. Kijana akaanza kumweleza babu yake kwamba Wazungu wameshagundua waya usiopoteza umeme hata chembe. Ukiutia umeme huku, unatoka wote kule, haupungui. Akasema hapa hapa Essen, ninapoishi mimi, waya huo uliwahi kuzikwa chini ya barabara. Kisha, kwa utani wa mjukuu na babu, akamaliza: "Kwa hiyo babu, nyie mlihangaika bure tu!"

Mnaomjua Baba mnajua kwamba utani ule ulimwingia. Amefanya kazi kwenye laini za umeme miaka 31. Kazi yake kubwa haikuwa kuvuta nyaya mpya, ilikuwa kuwinda upotevu. Kiungo kilicholegea kinachemka, kikaze. Waya umechoka, badilisha. Tawi la mwembe linagusa laini, kata. Nikiwa mdogo alinipeleka karakana usiku, akanisimamisha karibu na transfoma moja kubwa, akasema: "Sikiliza. Sasa hivi hamna mtu anayetumia umeme wake. Lakini mguse ubavuni, ana joto. Huyu anakula hata akiwa amelala."

Basi akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hakulalamika. Alisema tu: "Mwanangu, mimi sibishi na wasomi. Ila niulizie hapo kwa Mjerumani. Huo umeme wao haupinduki?"

Jamani, nilicheka. Halafu nikanyamaza. Kwa sababu lile swali, la mzee ambaye hajakanyaga chuo kikuu, ndilo swali lenyewe lililowasumbua wanasayansi wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60. Nilitumia majuma kadhaa kusoma ili nimjibu. Haya basi, jibu ni hili.

Tuanzie Uholanzi, katika mji wa Leiden. Kulikuwa na profesa akiitwa Heike Kamerlingh Onnes, mtu wa baridi kwelikweli. Mwaka 1908 alikuwa wa kwanza duniani kuifanya gesi ya heliamu iwe kimiminika, na kwa kimiminika hicho akafikia baridi ya digrii 269 chini ya sifuri. Mimi kazi yangu huku ni majokofu, mnajua. Ghala la samaki tunalishusha hadi digrii 20 au 30 chini ya sifuri na tunajiona mabingwa. Mzee Onnes alikuwa ulimwengu mwingine.

Aprili 1911 yeye na wenzake walipitisha umeme kwenye zebaki iliyogandishwa kwa baridi hiyo. Kila waya tunaoujua una ukinzani, yaani unaukwaza umeme ukipita, na ule mkwaruzano unageuka joto. Ndiyo maana pasi inachemka. Lakini zebaki ile ilipofika karibu digrii 269 chini ya sifuri, ukinzani wake ulitoweka ghafla. Haukupungua polepole, ulitoweka! Mwaka 1913 Onnes akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1914 alianzisha mkondo kwenye koili ya madini ya risasi, akaondoa chanzo cha umeme, na mkondo ukaendelea kuzunguka wenyewe saa baada ya saa bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Vitu vya namna hii vinaitwa supakondakta.

Kwa hiyo mpwa wangu hakusema uongo. Kitu hicho kipo.

Ila angalieni neno moja. Mkondo wa Onnes ulikuwa unakwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Mkondo mnyoofu. Umeme unaokuja nyumbani Korogwe si huo. Ni mkondo geu: unakwenda mbele, unarudi nyuma, mizunguko 50 kila sekunde, maana yake unapinduka mara 100 kwa sekunde. Wa hapa Ujerumani ni hivyo hivyo, mizunguko 50. Dunia iliuchagua umeme huo tangu mwisho wa karne ya 19 kwa sababu transfoma inauweza: unapandishwa nguvu kusafiri mbali, unashushwa kuingia majumbani. Transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu.

Kwa hiyo Baba anauliza: sawa, ukinzani sifuri, lakini je, ukipinduapindua?

Kuna mtu aliwahi kuuliza swali kama hilo kuhusu chuma, na hapa inabidi turudi kwenye ile transfoma ya karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mskoti mmoja, James Alfred Ewing, alikuwa mwalimu Tokyo, Japani. Aliona kwamba ukikitia chuma usumaku kisha ukauondoa, chuma hakirudi pale pale kilipokuwa. Kinachelewa nyuma, kama punda aliyevutwa kamba. Akalipa jambo hilo jina la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma: histeresisi. Kila ukiupindua usumaku, ule ubishi wa chuma unakula nishati kidogo na kuitoa kama joto. Mwaka 1892 Charles Proteus Steinmetz, mhamiaji Marekani aliyekimbia kutoka huku huku Ujerumani (mwenzangu huyo wa ughaibuni, ila yeye alielekea upande wa pili!), alitoa kanuni ya kuhesabu upotevu huo. Mafundi wa transfoma waliitumia kwa miaka mingi. Baadaye akawa bingwa mkubwa wa kampuni ya General Electric katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Mji huo mkumbuke, tutaurudia.

Ndiyo maana transfoma ya Baba ilikuwa na joto usiku. Chuma chake kilikuwa kinapinduliwa mara 100 kwa sekunde, hata kama hakuna anayewasha taa.

Turudi kwenye supakondakta. Onnes alikuwa na ndoto ya kutengeneza sumaku kubwa ajabu kwa nyaya za risasi na bati. Ndoto ikafa mikononi. Nyaya zile zilipoguswa na nguvu ndogo tu ya sumaku, ukinzani ulirudi. Ilibidi dunia isubiri. Mwaka 1933, Berlin, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua kwamba supakondakta huifukuza sumaku itoke ndani yake. Miaka ya 1930 hiyo hiyo, huko Kharkiv, Lev Shubnikov na wenzake walipima michanganyiko ya madini iliyofanya tofauti: badala ya kuifukuza sumaku yote, iliiruhusu iingie kidogo kidogo, na bado ikabaki supakondakta. Shubnikov alikamatwa na serikali ya Stalin na kuuawa mwaka 1937. Kazi yake ilikaa gizani miaka mingi. Mwaka 1957 Alexei Abrikosov, Mrusi, ndiye alieleza kinachotokea: sumaku inaingia kama mistari myembamba sana, kila mmoja umezungukwa na kijimkondo kama kimbunga kidogo. Alipewa Nobel mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 75.

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo twende taratibu.

Ukipitisha umeme kwenye supakondakta ya aina hii, umeme unaisukuma ile mistari ya sumaku. Mistari ikitembea, nishati inapotea, na faida yote inayeyuka. Kwa hiyo lazima izuiwe isitembee. Inazuiwaje? Kwa kuweka kasoro ndani ya madini: chembe chafu, nyufa ndogo, mikunjo. Mistari inanasa humo kama nguo kwenye miiba. Kadiri miiba inavyokuwa mingi na mikali, ndivyo waya unavyoweza kubeba umeme mwingi. Mwaka 1961 John Kunzler na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba mchanganyiko wa niobiamu na bati hubeba zaidi ya ampea 100,000 kwa kila sentimita mraba, ndani ya sumaku kali ambayo ingeua risasi ya Onnes papo hapo. Dunia ikashangilia.

Lakini sasa pindua mkondo. Mkondo ukipanda, mistari ya sumaku inaingia kutoka pembeni, inapita kwenye miiba kwa kuvutana. Mkondo ukishuka na kugeuka, mistari inatakiwa itoke na mingine ya upande wa pili iingie. Miiba haiachii bure. Ni sawa na kuburuta gunia la mahindi kwenye sakafu ya saruji, mbele na nyuma, mara 100 kila sekunde. Sakafu itapata joto au haitapata?

Umeona? Kile kile kinachoupa waya nguvu ya kubeba mkondo mnyoofu bila hasara ndicho kinachokula ukipindua. Ni histeresisi ile ile ya Ewing, imeingia kwa mlango wa nyuma. Na aliyetoa njia nyepesi ya kuihesabu, mwaka 1962, alikuwa Charles Bean wa maabara ya General Electric, wapi? Schenectady! Mji ule ule wa Steinmetz, miaka 70 baada ya kanuni ya chuma.

Wazo la Bean ni jepesi hadi linashangaza. Alisema: ndani ya supakondakta, kila sehemu ama imebeba mkondo wote inaoweza, ama haina kitu. Hakuna nusu nusu. Mkondo unaanza kujaza pembeni na kusogea ndani. Ukipindua, ngozi ya nje inageuka kwanza, ndani bado kuna mkondo wa zamani unaoelekea kinyume. Sehemu iliyopigwa msasa na sumaku inayoingia na kutoka ndiyo inayopata joto.

Mwaka 1970 Mwingereza W. T. Norris, aliyekuwa katika maabara ya utafiti ya shirika la umeme la Uingereza huko Leatherhead, alichukua wazo la Bean na kulipigia hesabu kwa nyaya za maumbo tofauti, pamoja na utepe mwembamba bapa. Kanuni zake zimetumika miaka zaidi ya 50. Kila anayetengeneza utepe wa namna hii, kipimo chake anakilinganisha na mstari wa Norris.

Nikasema, ngoja niitumie mwenyewe. Nimechukua karatasi, nimepiga hesabu, nimeirudia mara tatu.

Chukua utepe mmoja wenye uwezo wa mwisho wa ampea 100. Pitisha umeme wa kupinduka ambao kilele chake kinafika ampea 100 zenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Kanuni ya Norris inatoa upotevu wa karibu wati 0.077 kwa kila mita. Ni kitu kidogo sana. Waya wa shaba wa milimita 50 za mraba ukibeba mkondo huo huo unapoteza karibu wati 1.7 kwa mita. Utepe umeshinda mara 22!

Tulia. Mimi ni mtu wa majokofu, na hapa ndipo niliposhika kichwa.

Ile wati 0.077 haipotei hewani. Inatokea ndani ya baridi kali, na lazima itolewe nje, la sivyo utepe utapata joto na kuacha kuwa supakondakta. Kutoa joto kwenye jokofu kunagharimu umeme, na kadiri baridi inavyokuwa kali ndivyo gharama inavyopanda. Kwa baridi ya naitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri, kuondoa wati moja ya joto kunahitaji wati 10 hadi 20 za umeme kwenye mashine. Tuseme 15. Zidisha: 0.077 mara 15 ni kama wati 1.15. Dhidi ya 1.7 za shaba. Ushindi wa mara 22 umebaki wa mara moja na nusu, na bado sijahesabu joto linalopenya kutoka nje kupitia ukuta wa bomba usiku na mchana, umeme ukipita au usipite.

Sasa punguza mkondo, kilele kiwe nusu, ampea 50. Upotevu wa shaba unashuka hadi robo, karibu wati 0.43. Wa utepe unashuka zaidi ya mara 30, hadi wati 0.0023. Ukiuzidisha kwa 15 unapata wati 0.035. Hapo utepe unashinda mara 12. Kwa hiyo siri ya kwanza ya mafundi ni hii: usiubebeshe utepe mzigo wake wote. Weka tepe nyingi, kila mmoja ubebe sehemu.

Nikiongea na Baba kuhusu hili alisema: "Kumbe na wao wanaogopa kuzidisha mzigo." Ndiyo, Baba.

Siri ya pili ilitoka Uingereza pia, mwaka ule ule 1970. Maabara ya Rutherford, karibu na Oxford, kundi la kina Peter Smith na Martin Wilson lilionyesha kwamba waya mmoja mnene uukate uwe nyuzi nyingi nyembamba sana ndani ya shaba, kisha uzisokote. Nyuzi nyembamba, njia ya mistari ya sumaku ni fupi, msuguano unapungua. Kwa nini kuzisokota? Kwa sababu zisiposokotwa, sumaku ya kupinduka inaziunganisha kupitia ile shaba zikajifanya waya mmoja tena. Nyaya za namna hiyo ndizo zilizotumika kwenye mashine kubwa za kuchapua chembe, kama Tevatron karibu na Chicago iliyoanza kazi mwaka 1983.

Lakini hizo zote zilihitaji heliamu. Kwenye baridi ya heliamu, kutoa wati moja kunagharimu mamia ya wati. Maabara ya Brookhaven, kwenye kisiwa cha Long Island huko New York, ilijaribu kwa ujasiri. Kuanzia mwaka 1972 walitengeneza kebo ya mkondo geu kwa tepe za niobiamu na bati, wakaijaribu kwa urefu wa mita 115. Ilifanya kazi. Mradi ukafungwa mwaka 1986.

Na mwaka huo huo 1986, angalia Mungu alivyo na utani, Georg Bednorz na Alex Müller wa IBM huko Uswisi waligundua supakondakta mpya kabisa, si ya madini, ya udongo! Namaanisha udongo wa kuchoma, jamii ya vigae na vyungu. Mapema mwaka 1987 Paul Chu na Maw-Kuen Wu na wenzao huko Marekani wakapata nyingine iliyofanya kazi kwenye digrii 180 chini ya sifuri. Maana yake heliamu haihitajiki tena, naitrojeni inatosha. Na naitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Mwaka 1988 Hiroshi Maeda wa Japani akapata nyingine yenye bismathi. Magazeti yakaandika kwamba umeme usiopotea unakuja kesho asubuhi.

Chungu hakifanywi waya, kinavunjika. Kwa hiyo walisaga unga wa kitu kile, wakaujaza kwenye bomba la madini ya fedha, wakalivuta likawa jembamba, wakalibamiza likawa bapa, wakalichoma tanuri. Kubamiza kunazipanga chembe zilale upande mmoja, na umeme unapita vizuri. Matokeo yakawa utepe, upana milimita 4 hivi, unene sehemu ndogo tu ya milimita. Aina ya pili iliyofuata ni nyembamba zaidi: tabaka la supakondakta lenye unene wa karibu elfu moja ya milimita, limepakwa juu ya utepe wa chuma. Upana ukiwa milimita 4, huo ni mara 4,000 ya unene wake.

Na hapo tatizo la Baba likarudi kwa nguvu mpya. Utepe ukipigwa na sumaku kwa ubavu, kwenye ukingo, hausumbuki sana. Lakini ukipigwa usoni, sumaku inalazimika kuzunguka upana wote, inajikusanya kwenye kingo mbili kama maji ya mto yanavyoharakisha pembeni mwa jiwe. Msuguano unakuwa mkubwa mno. Mwaka 1993 Ernst Helmut Brandt na Mikhail Indenbom waliipigia hesabu hali hiyo, na ujumbe ukawa mmoja: upana wa utepe ndio adui. Nao utepe bila upana si utepe!

Walifanyaje? Mambo matatu.

Kwanza, kwenye kebo, tepe zinalazwa kuzunguka bomba la duara, ubavu kwa ubavu bila nafasi, kama mbao za pipa. Sumaku ya utepe huu inaifuta ya jirani pale kwenye kingo, inayobaki inateleza juu ya uso bila kuuchoma. Upotevu unashuka sana.

Pili, utepe unachanwa kwa leza kuwa vijistari vyembamba sambamba, wazo lile lile la Rutherford.

Tatu, na hili nalipenda, utepe unakatwa kwa umbo la nyoka na kusukwa na wenzake, kila mmoja akipita juu, akishuka chini, akibadilishana nafasi. Mama na shangazi, mnaosuka ukili wa mikeka, mngewaelewa mara moja. Ni mtindo wa Ludwig Roebel, fundi Mjerumani aliyeubuni mwaka 1912 kwa nondo za shaba za jenereta kubwa. Karibu karne nzima baadaye watafiti wa Karlsruhe, huku huku Ujerumani, wakaufufua kwa ajili ya tepe hizi.

Majaribio ya mitaani nayo yakaanza. Mwaka 2001 Copenhagen walizindua kebo ya mita 30 iliyohudumia wateja wa kweli. Mwaka huo huo Detroit, Marekani, kebo ilishindwa kabla ya kuanza kazi, si kwa sababu ya tepe bali kwa sababu bomba la baridi, ambalo ni kama chupa ya chai ndefu, lilivuja ombwe lake. Mwaka 2008 Long Island, kisiwa kile kile cha Brookhaven, wakawasha kebo ya mita 600. Korea Kusini na Shanghai wamefuata, mwaka 2019 na 2021, kwa kebo za kilomita moja na zaidi kidogo.

Na Essen? Mpwa wangu alisema kweli. Mwaka 2014 iliwashwa hapa kebo ya kilomita moja, mradi ukiitwa AmpaCity, ikiunganisha vituo viwili vya umeme katikati ya mji. Huko nyumbani tunasema "kituo cha kupoza umeme" tukimaanisha kupunguza nguvu yake. Hapa kwa mara ya kwanza niliona kituo kinachopoza umeme kwelikweli, kwa tangi la naitrojeni! Teh teh teh. Ilifanya kazi miaka kadhaa, na mradi ukafika mwisho wake.

Ila kilichonifungua macho ni sababu ya kuiweka. Sababu kubwa haikuwa kwamba haipotezi kitu. Ilikuwa nafasi. Kebo hiyo ya volti 10,000 iliweza kubeba megawati 40, kazi ambayo kwa kawaida wangeitumia laini ya volti 110,000 na transfoma kubwa katikati ya mji ambako kiwanja ni dhahabu. Walijua upotevu upo. Waliuhesabu, wakaupunguza, wakaulipia, wakaona bado inafaa kwa mahali pale. Kwa laini ndefu ya kupita mashamba ya mkonge, ambako nafasi ipo tele, hesabu ni nyingine kabisa.

Jumamosi moja nilikwenda na mwanangu kutembea mitaa ile. Hakuna cha kuona. Lami, maduka, watu na mifuko yao. Nikamwambia babu yako aliuliza swali kuhusu kitu kilichozikwa hapa. Akauliza, swali gani? Nikamwambia: kama umeme wao haupinduki.

Basi Baba, jibu langu ni hili. Unapinduka. Na kwa sababu unapinduka, sifuri yao si sifuri. Tangu mwaka 1962 kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kuwinda upotevu ndani ya utepe mwembamba kuliko ukucha, wakichana, wakisuka, wakipunguza mzigo, wakikagua bomba lisivuje. Wanapima wati kwa sehemu ya elfu. Kazi yao ndiyo kazi yako, ila wao wamevaa koti jeupe na wewe ulivaa mkanda wa kupandia nguzo.

Na wewe mpwa wangu, najua unasoma hapa. Hukukosea kusema waya huo upo. Ulikosea kusema "bure". Likizo ijayo ukienda Korogwe muombe babu akupeleke ukasikilize transfoma usiku. Halafu uniandikie umesikia nini.

Haya, chai yangu imepoa. Wa kutoa maoni atoe, wa kunikosoa hesabu anikosoe, karatasi ninayo bado. Mama, ile sweta imefika salama, asante sana.

Nawatakia wiki njema. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.